Mpira Unaofungwa Shingoni mwa Kizazi

Ukiupasua katikati uvimbe uliotolewa kwenye kizazi, hukuti usaha wala maji. Unakuta mnofu mweupe, mgumu, wenye nyuzi zilizojizungusha kama ukili uliokunjwa tayari kushonwa mkeka. Ni misuli ileile inayojenga kizazi, ila seli moja ilibadilika ikaanza kuzaana ovyo. Madaktari huuita faibroidi. Karibu zote si saratani, na wanawake wengi huishi nazo bila kujua: utafiti uliofanyika Washington na kuchapishwa mwaka 2003 ulikadiria kuwa zaidi ya asilimia 80 ya wanawake weusi huwa wamezipata wanapofika miaka 50. Wanaofikishwa chumba cha upasuaji ni wale wanaotokwa na damu ya hedhi mpaka wanaona kizunguzungu, wanaobanwa kibofu, au ambao mimba hazikai.

Cha ajabu, uvimbe wenyewe hautoki kwa taabu. Unapokua huisukuma misuli jirani hadi inakuwa ganda jembamba kuuzunguka. Daktari akilichana ganda hilo mahali pake, huzungushia ndani ya uvimbe chombo kilichosokotwa kama kizibuo cha mvinyo, akavuta, huku kidole kikipita kati ya ganda na uvimbe kama anayemenya chungwa. Unachomoka mzima.

Kazi iko kwenye damu. Ganda limejaa mishipa, na kizazi kinalishwa na mishipa mikubwa miwili, mmoja kila upande. Shimo lililoachwa na uvimbe wa ukubwa wa nazi huvuja kuliko unavyodhani. Ndiyo maana kwa miaka mingi wapasuaji waliona afadhali kuondoa kizazi chote.

Aliyekataa njia hiyo kwa ukaidi ni Victor Bonney, daktari wa London. Mke wake, Annie, alitolewa kizazi kwa sababu ya uvimbe, na hawakujaliwa mtoto. Bonney akatengeneza koleo la kubana mishipa ya kizazi wakati wa upasuaji, akawa anatoa vivimbe na kukiacha kizazi mahali pake. Kizazi kimoja alikitoa vivimbe 225. Fikiria uvumilivu huo, kwenye kiungo ambacho kikiwa kitupu hakizidi peasi la Lushoto.

Siku hizi koleo lake halionekani sana. Hospitali nyingi hutumia kitu rahisi zaidi: mpira mwembamba, mara nyingi uleule wa kutolea mkojo, unafungwa kwa nguvu kuzunguka shingo ya kizazi. Wengine huongeza dawa ya kukaza mishipa. Hata hivyo ndugu huombwa wachangie damu mapema, na hapo sioni sababu ya kununa.

Uvimbe uliochungulia ndani ya uwazi wa kizazi hauhitaji kupasua tumbo. Hukatwa kwa kifaa kinachopitishwa ukeni. Kwa aliyekwisha kuzaa na amechoka kutokwa na damu, kuondoa kizazi bado ni jibu la haki, kwa kuwa ndilo pekee linalohakikisha vivimbe havirudi. Ninachopinga ni mwanamke kuambiwa hakuna njia nyingine bila kuelezwa uvimbe wake umekaa wapi. Na zile chupa za "kuyeyusha uvimbe" zinazouzwa stendi? Hakuna iliyothibitishwa kuuyeyusha.

Mwaka 1995 Jacques Ravina na wenzake wa Paris walieleza jambo ambalo hawakulitarajia. Walikuwa wakipitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa na kumwaga chembechembe ndogo za kuziba njia ya damu, ili upasuaji utakaofuata usivuje sana. Baadhi ya wanawake wakapata nafuu wakiwa bado wanangoja zamu, wakaona hawana haja tena ya kisu. Njia hiyo sasa ni tiba kamili, lakini kwa anayetafuta mtoto madaktari wengi bado huchagua kisu na mpira.

Mpira ukiwa umefungwa, kizazi hupauka. Daktari hushona shimo tabaka kwa tabaka, akianzia chini, kwa sababu kovu hilo huenda siku moja likabeba mimba ya miezi tisa, na likiwa limeingia ndani sana mtoto atazaliwa kwa upasuaji. Kisha mpira hulegezwa. Wekundu hurudi polepole. Wote waliozunguka kitanda hunyamaza kidogo, wakiangalia mshono kama unatoa tone.