Mtaji wa Mkulima katika Majaribio ya Soya

Miongoni mwa mitaji iliyoijenga biashara ya soya katika Afrika upo mmoja ambao aghalabu hauonekani katika daftari za hesabu, nao ni kile kipande cha ardhi anachokitoa mkulima kwa hiari yake ili kifanyiwe majaribio. Mradi wa N2Africa, ulioanza mwaka 2009 chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Wageningen cha Uholanzi, ulivitegemea vipande hivyo, tangu magharibi ya Kenya hadi kaskazini ya Nijeria, ili kubaini kama mbolea ya fosfati, pamoja na unga wa bakteria unaopakwa mbegu ili mmea ujipatie naitrojeni ya hewani, humletea mkulima faida ipitayo gharama.

Huko Nijeria shamba liligawanywa vipande vinne: cha mbolea peke yake, cha unga peke yake, cha vyote viwili, na kisichotiwa kitu. Mkulima sharti auhifadhi unga kivulini, kwani jua kali huwaua bakteria wale, azipande mbegu siku ile ile alipozipaka, na baadaye ang'oe miche na kuvipasua vifundo vya mizizi, ambavyo wekundu wake wa ndani ni dalili kwamba kazi inafanyika. Kipande cha nne ndicho chenye thamani kuu, maana pasipo hicho hapana kipimo. Nacho ndicho hasara ya mkulima, anayekipalilia kwa jasho lile lile hali akijua kwamba mavuno yake huenda yakawa haba.

Mbolea peke yake iliongeza mavuno kwa wastani wa takriban kilo 450 kwa hekta, unga nao kadiri hiyo hiyo, na vyote viwili zaidi ya kilo 700. Hata hivyo mashamba yalihitilafiana mno, na hitilafu hizo ndizo habari anazozihitaji mwenye kiwanda, kama wale wa Nakuru nchini Kenya watengenezao unga wa bakteria uitwao Biofix, apate kujua ni wapi bidhaa yake itamfaa mnunuzi.

Maadamu faida ya habari hizo humfikia mfanyabiashara, naona ni haki mkulima afidiwe upungufu wa kipande cha nne kwa kilo zilizopimwa, tena apewe matokeo ya shamba lake mwenyewe, si wastani wa wilaya, kabla ya msimu unaofuata, wakati angali na fedha mkononi na hajaamua anunue nini.