Mamajusi Hawakutuachia Deni la Krismasi

"Mwalimu, si ni mamajusi walioanzisha zawadi za Krismasi?" Swali hilo nimeulizwa kanisani, stendi ya matatu ya Makutano na hata matangani, na kila anayeuliza huwa anataka niitikie tu. Mwaka huu naandika jibu. Atakayeniuliza tena nitamwelekeza hapa.

Hapana. Fungua Matayo sura ya 2, usome mwenyewe badala ya kutegemea maigizo ya shule ya Jumapili. Idadi ya mamajusi haikutajwa. Watatu tumewahesabu sisi, kwa kuwa zawadi zilikuwa za aina tatu. Waliingia nyumbani, si zizini. Dhahabu, uvumba na manemane walimpa mtoto mmoja, kisha wakarudi kwao kwa njia nyingine. Wao kwa wao hawakupeana hata kitambaa. Kanisa la Magharibi lenyewe huwakumbuka Januari 6. Na orodha ya Kirumi ya mwaka 354, ambayo ni kati ya ushahidi wa kale kabisa wa Desemba 25, haisemi neno kuhusu zawadi.

Waliokuwa wakipeana ni Warumi wapagani: mishumaa na visanamu vya udongo katika sikukuu ya Saturnalia, kisha zawadi za bahati njema mwaka ulipoanza. Mtakatifu Augustino aliwahimiza waumini waachane na zawadi hizo, wawape maskini sadaka. Hawakumsikia. Karne nyingi baadaye, Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza alikuwa bado anapokea zawadi zake Mwaka Mpya, makarani wakiziorodhesha moja moja. Watoto wa sehemu nyingi za Ulaya walipewa zao Desemba 6, siku ya Mtakatifu Nikolao. Wajerumani waliomfuata Luther walitangulia kuzisogeza hadi Krismasi, lakini ni karne ya 19, kwa msaada mkubwa wa wenye maduka wa miji kama New York, iliyozigandisha hapo. Shairi lililochapishwa mwaka 1823 lilimleta Nikolao mkesha wa Krismasi, na kuanzia 1863 Thomas Nast akawa anamchora gazetini. 

Kisha naambiwa, "Lakini sisi tulirithi kwa wamisionari." Kwa yupi kati ya waliofika huku Embu na Meru? Waanglikana walianza Kigari, Embu, mwaka 1910. Wakonsolata wa Italia walifika Imenti 1911, kutoka nchi ambako watoto wengi walimngoja kizee Befana na zawadi zake usiku wa kuamkia Januari 6. Wamethodisti wakaja Kaaga 1912. Daktari Archibald Irvine, aliyefika Chogoria 1922, alitumwa na Kanisa la Uskoti, na bunge la Uskoti lilikuwa limefuta mapumziko ya Krismasi mwaka 1640. Huko haikuwa sikukuu ya umma hadi 1958! Hospitali ya Chogoria ilipokuwa ikijengwa, Waskoti wengi walikuwa wakienda kazini Desemba 25, furaha na zawadi wakiziwekea Mwaka Mpya. Mpresbiteri wa Chogoria anayesisitiza kwamba bila zawadi hakuna Krismasi anabishana na waliomjengea kanisa.

Wala Wameru hawakungoja mgeni awafundishe kupeana. Kitita cha miraa, ncoolo, kinapopelekwa kwa wazazi wa msichana, kila mtu pale anajua kimebeba ombi gani. Blanketi la nyanya, unga wa chapati na nguo mpya za watoto tunavyopeleka nyumbani Krismasi vina asili nyingine kabisa: mshahara wa Nairobi na likizo ya Desemba.

Basi ufanye nini? Nunua sare za shule sasa, uzifunge, uziite zawadi. Karo iko mlangoni. Mlipie mama bima ya afya ya SHA ya mwaka mzima. Changeni mbuzi mmoja nyumba tatu. Nauli ikipanda, peleka mzigo Mwaka Mpya, historia iko upande wako. Ukiwa huwezi kuwaacha mamajusi, peleka Januari 6. Usikope kwenye simu ili ununue hampa ya supamaketi. Na kama huna kitu, njoo mikono mitupu ukamenye viazi.