Cherehani ya Zamani Haijafa, Imekwama Tu

Sisi walimu wenu wa kujitolea mwezi huu tunaacha kidogo mambo ya darasani. Tunataka tuongee juu ya cherehani, au mashini ya kushona kama wengi wetu tulivyozoea kuiita kule Uvira na Fizi.

Katika nyumba nyingi hapa kambini utaikuta ile nyeusi ya zamani yenye maua ya rangi ya dhahabu. Iko pembeni, juu yake wamepanga masufuria. Ukiuliza, jibu ni moja: "Hiyo ilishakufa." Na wanunuzi wa vyuma chakavu wanapita na mizani yao, wanataka kuichukua kwa kilo. Basi tunasema, ngojeni kwanza.

Kila Jumamosi tunakwenda kwa mzee mmoja fundi wa kushona, ambaye kazi hii aliianza tangu wakati wa Zaire. Kwake tumejifunza kwamba cherehani nyingi zinazoitwa maiti hazijavunjika kitu. Zimekwama. Na kinachozikwamisha mara nyingi ni mafuta tuliyoyatia sisi wenyewe. Mafuta ya mawese au ya kupikia yanalainisha siku chache, halafu yanakauka na kuwa kama gundi. Vumbi na nyuzi vinanasa humo, na gurudumu linakataa kuzunguka.

Sasa kazi yenyewe ni hii. Kwanza, usilazimishe gurudumu wala usipige nyundo. Chuma cha cherehani hizi ni kigumu lakini kinapasuka. Toa sindano na bobini. Fungua kibati cha chini ya sindano, safisha kwa mswaki wa zamani. Katikati ya yale meno yanayosukuma kitambaa utakuta nyuzi zimeshikana ngumu kama kitambaa kizito. Zitoe zote.

Pili, tia matone ya mafuta ya taa kwenye kila tundu la mafuta na kila mahali chuma kinaposuguana na chuma. Fanya kazi hii nje, mbali na jiko, na watoto wasisogee. Acha mpaka kesho yake, halafu zungusha gurudumu polepole, kwenda na kurudi. Likigoma, ongeza matone na ungoje tena. Fundi wetu anasema haraka ndiyo inayovunja mashini, siyo uzee.

Tatu, ikishalegea, pangusa ule uchafu wa kahawia unaotoka, kisha tia mafuta ya cherehani yenyewe, yale meupe mepesi, tone moja moja. Hatua hii usiiruke, kwa sababu mafuta ya taa yanaacha chuma kikavu, na chuma kikavu kinalika. Shona kwanza kitambaa kibovu bila uzi mpaka mafuta yaache kuchafua.

Yale maua ya dhahabu yafutwe kwa kitambaa laini chenye mafuta ya cherehani tu. Spiriti inayayeyusha, na msasa unayamaliza kabisa.

Ukirudisha sindano, itazame vizuri: ina mfereji mrefu upande mmoja. Mfereji huo uelekee upande uzi unakoingilia. Ukigeuza kinyume, mashini itaruka mishono na utasema bado imekufa, kumbe ni sindano tu.

Tazameni pia namba iliyogongwa kwenye chuma, upande wa kulia karibu na gurudumu. Singer ya zamani yenye namba inayoanza na Y, au herufi mbili ya kwanza ikiwa E, ilitoka kiwanda cha Clydebank, Scotland, ambacho kilifungwa mwaka 1980. Kwa hiyo hata ile ya mwisho kutoka pale imepita miaka 40. Nyingine zetu ni Butterfly za Shanghai, na hizo nazo zinasafishwa kwa njia hii hii.

Kuna mama mmoja jirani yetu, marehemu mume wake alimwachia cherehani waliyovuka nayo ziwa. Posho ilipopungua alikubaliana bei na mnunuzi wa vyuma. Hatumlaumu, watoto wanataka kula. Tulimwomba atupe wiki mbili tu. Mnunuzi aliporudi na mizani yake, alimkuta mama anashona kaptula ya shule, akaondoka bila kusema kitu. Pesa ya kilo ingenunua unga wa siku chache. Sasa mama anapata kidogo kidogo kila wiki, na binti yake mkubwa ameanza kujifunza kukata kitambaa.

Lakini kuna jambo linalotuhangaisha. Mzee wetu fundi jina lake liko kwenye safari ya nchi ya tatu. Tunamfurahia, ni haki yake apumzike. Ila akiondoka, nani hapa atajua kusikiliza cherehani na kusema ugonjwa uko wapi? Sisi tumejua kusafisha, lakini kupatanisha bobini na sindano bado tunamtegemea yeye.

Kwa hiyo vijana, wa kiume na wa kike, njooni Jumamosi asubuhi. Mlete mswaki wa zamani na vitambaa vibovu. Na wewe mzazi mwenye mashini iliyofunikwa masufuria, ilete ikaangaliwe kabla hujaiuza. Kama kweli imevunjika, mzee atakuambia ukweli, na mizani itakuwa bado inapita.