Chuma, Mpini na Kutu: Kutambua na Kusafisha Zana Kuukuu

Makala haya yanadhamiria kueleza namna ya kutambua na kusafisha zana kuukuu za chuma zinazofukuliwa shambani au kugunduliwa kwa mashine ya kutafutia vyuma ardhini. Hoja yetu ni moja: zana itambuliwe kwanza, isafishwe baadaye. Wengi hufanya kinyume. Huisugua kutu kwa msasa hadi chuma king'ae, na ushahidi ukaenda na vumbi.

Utambuzi huanzia pale chuma kilipokutana na mti. Shoka la kienyeji lililofuliwa na mhunzi huwa na mkia mwembamba unaopenya kichwa cha mpini. Shoka la viwanda vya Ulaya, kwa upande wake, lina tundu la kupitishia mpini. Yaani, katika la kwanza chuma huingia mtini; katika la pili mti huingia chumani. Aidha, bamba la shoka la kienyeji likigeuzwa katika mpini, makali yakaukingama, huweza kutumika kama tezo. Mpini ukishaoza, kitakachotuambia tumeokota shoka au tezo ni nyuzi za mti zilizoganda ndani ya kutu, na mwelekeo wake. Hizo ndizo msasa huziondoa kwanza.

Keekee ndiyo huponzwa zaidi. Uta wake na sehemu za mti huoza, kikabaki chuma chembamba ambacho mwokotaji hukitupa akidhani ni msumari. (Kamusi ikisema tu kwamba keekee ni kifaa cha useremala, haijamsaidia mtu huyu kwa lolote.)

Ikumbukwe pia kwamba Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 nchini Kenya inakihesabu kuwa cha kale kifaa kilichoundwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895. Zana inayodhaniwa kuwa ya umri huo isisafishwe nyumbani; ipelekwe kwa wataalamu wa Makumbusho pamoja na maelezo ya mahali ilipopatikana.

Jembe au panga la kiwandani la miaka ya karibuni ni jambo jingine. Kwanza lijaribiwe kwa sumaku: likiwa jepesi na sumaku isilivute, chuma kimekwisha, imebaki kutu tupu, na kulisafisha ni kulimaliza. Likivutwa, udongo uondolewe kwa kijiti na brashi laini. Kisha lizamishwe katika maji yenye magadi ya kufulia, liunganishwe na ncha hasi ya betri, na kipande cha chuma cha kawaida kiunganishwe na ncha chanya. Chuma kisichoshika kutu kisitumiwe hapo, kwani hutoa sumu ya kromiamu. Kazi hii ifanyiwe nje, maana haidrojeni inayotoka huweza kulipuka. Siki nayo hula kutu, lakini ikizidi hula na chuma.

Zana za Pwani zina tatizo la ziada: chumvi iliyojipenyeza ndani huendelea kuvuta unyevu, na kutu hurejea. Hizi hulowekwa kwa majuma kadhaa, maji yakibadilishwa mara kwa mara, ndipo zikaushwe kabisa na kupakwa nta.