Mwenendo wa Mazao Tanzu ya Klorini katika Mtandao wa Mabomba ya Maji ya Kunywa

Klorini hutiwa katika maji ya kunywa ili kuua vimelea vya maradhi kama kipindupindu na homa ya matumbo. Hata hivyo, humenyuka pia na masalia ya mimea iliyooza yaliyoyeyuka katika maji ya mito na maziwa, na kutokana na mmenyuko huo huzaliwa misombo mipya, yaani mazao tanzu. Mwaka 1974, mkemia Johannes Rook wa Rotterdam alionesha kwamba klorofomu iliyokutwa katika maji yaliyotibiwa ilitokana na utiaji wa klorini wenyewe. Tafiti za baadaye zimehusisha unywaji wa maji ya aina hiyo kwa miaka mingi na saratani ya kibofu cha mkojo. Makundi mawili hupimwa zaidi: trihalomethani, ambazo klorofomu ni mojawapo, na asidi haloasetiki. Makala hii inafafanua kwamba makundi hayo hayaendi sambamba mabombani, hivyo mahali pa kuchukulia sampuli ndipo panapoamua iwapo tatizo litaonekana au litafichika.

Mmenyuko haukomi maji yanapotoka mtamboni. Maadamu klorini na masalia ya mimea vingalimo, trihalomethani huendelea kuongezeka kadiri umri wa maji unavyoongezeka. Joto huharakisha mmenyuko, na pH ya juu huzidisha uundwaji wake. Kwa hiyo, kilele chake kwa kawaida huwa mwishoni mwa mtandao, au baada ya matangi ambamo maji hutuama.

Asidi haloasetiki nazo huongezeka mwanzoni, lakini zinaweza kupungua baadaye. Pale klorini iliyobaki inapokaribia kwisha, bakteria waishio katika utando wa kuta za mabomba huzivunjavunja, hasa maji yakiwa na uvuguvugu. Hivyo basi, kilele chake mara nyingi huwa katikati ya mtandao, na kushuka kwake mwishoni huweza kuwa ishara kwamba kinga ya klorini imedhoofika.

Kanuni za Marekani zinadhihirisha uzito wa jambo hili. Kikomo cha mwaka 1979, mikrogramu 100 za trihalomethani kwa lita, kilikokotolewa kwa wastani wa mtandao mzima. Baadaye vikomo vikawa 80 kwa trihalomethani na 60 kwa asidi tano za haloasetiki. Chukulia vituo vinne vyenye trihalomethani 50, 60, 70 na 120: wastani wake ni 75, nao unakubalika, ilhali wakazi wa kituo cha nne wanakunywa maji yaliyozidi kikomo. Kanuni ya mwaka 2006 ilirekebisha kasoro hiyo kwa kutaka wastani wa mwaka wa kila kituo, baada ya kubainishwa maeneo yenye viwango vikubwa vya kila kundi.

Haifuati kwamba klorini ipunguzwe ovyo. Shirika la Afya Duniani husisitiza kwamba udhibiti wa mazao tanzu usihatarishe uuaji wa vimelea. Njia salama ni kuondoa masalia ya mimea kabla ya kutia klorini, kusafisha mabomba yasiyo na mwendelezo, na kufupisha muda wa maji kukaa matangini. Aidha, pale maji yanapotolewa kwa mgao na kuhifadhiwa majumbani, umri wa maji huendelea kuhesabika hata baada ya mita ya mteja.