Rubani na Ndege: Ni Kipi Kinachoamua Vita ya Angani?

Katika madarasa ya siasa hapa Makutupora, kila tunapofika kwenye Vita ya Kagera ya 1978 na 1979, huzuka swali lile lile. Vijana huuliza: Idi Amin alikuwa na ndege zinazopita kasi ya sauti, tena zimetengenezwa katika nchi kubwa, kwa nini hazikumfaa? Ubovu ulikuwa wa ndege au wa rubani? Jibu ambalo sisi wenyewe tulipewa chuoni, na ambalo kwa miaka kadhaa tulilirudia bila kulichambua, ni fupi: mtu ni muhimu kuliko silaha. Jibu hilo si la uongo. Lakini jibu la kweli likikaririwa bila maelezo hugeuka kuwa kasumba, na kasumba katika mambo ya vita hugharimu maisha ya watu. Hivyo hapana budi tulieleze jambo hili kwa urefu kidogo.

Tuanze na mambo yaliyotokea. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivamia eneo la Kagera. Jeshi lake la anga lilikuwa na MiG-17 na MiG-21, na hii ya pili huweza kwenda mara mbili ya kasi ya sauti. Ndege hizo zilitumwa kulivunja daraja la Kyaka ili majeshi yetu yasivuke Mto Kagera. Daraja halitembei, halijifichi wala halikwepi. Hata hivyo mabomu yalikosa. Mwishowe, tarehe 3 Novemba, daraja lilivunjwa na mtaalamu wa baruti aliyeletwa kutoka migodi ya shaba ya Kilembe. Mtu mmoja anayeijua kazi yake, akiwa na vifaa vya mgodini, alifanya lililozishinda ndege za vita.

Machi 1979 Libya, iliyokuwa ikimsaidia Amin, ilituma ndege ya Tu-22 kuipiga Mwanza. Hiyo ilikuwa ndege kubwa ya kutupa mabomu, yenye kasi kupita sauti, na shabaha yake ilikuwa matangi ya mafuta. Mabomu yakaangukia Kisiwa cha Saanane, kwenye hifadhi ya wanyama, yakaua swala. Nchi yetu ilijibu kwa kupiga maghala ya mafuta ya Kampala, Jinja na Tororo.

Lakini tusijisifu kupita kiasi. Katika vita hiyo hiyo mizinga yetu huko Musoma iliangusha ndege zetu wenyewe. Rubani hodari, ndani ya ndege nzuri, hawezi kujiokoa na mzinga wa ndugu yake ambaye hakumtambua. Jambo hili huwa hatulipitii haraka darasani, ingawa linauma, kwa sababu linaonyesha kwamba hata maneno “rubani” na “ndege” hayatoshi kueleza vita ya angani.

Katika Vita ya Kagera mapambano ya ndege kwa ndege hayakuwa sehemu kubwa. Anayetaka kuyaona karibu na kwetu atazame Ogaden, mwaka 1977. Somalia ilikuwa na MiG-17 na MiG-21. Ethiopia ilikuwa na F-5, na zile za aina mpya, F-5E, zilikuwa chache mno. Kwa hesabu ya vitabuni MiG-21 ilikuwa na kasi zaidi: F-5E haifiki hata mara mbili ya kasi ya sauti. Tena Marekani ilikuwa imekwisha kusimamisha misaada yake ya silaha kwa Ethiopia. Hata hivyo mwezi Julai na Agosti marubani wa Ethiopia waliangusha MiG kadhaa na kuitawala anga. Marubani wa Somalia hawakuwa waoga. Tofauti ni kwamba wenzao walikuwa wamefundishwa kwa miaka mingi kupigana angani, na walikuwa na rada ardhini za kuwaelekeza adui alipo.

Kwa nini kasi haikuamua? Kasi ya juu kabisa inayoandikwa vitabuni hupatikana huko juu sana, ndege ikienda moja kwa moja, kwa muda mfupi, huku ikiteketeza mafuta. Mapambano yenyewe aghalabu hufanyika chini ya kasi ya sauti, katika kona. Ndege ikikata kona kali hupoteza mwendo, na mwili wa rubani huwa mzito mara tano au sita. Damu humtoka kichwani na macho huingia giza. Katika hali hiyo rubani mchanga hutazama saa zilizo mbele yake ili ajue kama ndege yake bado inaruka. Mzoefu huisikia ndege kwa mwili, na macho yake yako nje. Na macho ndiyo mwanzo wa jambo lote, maana katika historia ya vita vya angani wengi walioangushwa hawakumwona kabisa aliyewapiga. Mzoefu hujua pia udhaifu wa chombo chake. Akiwa na ndege nyepesi humvuta adui kwenye kona. Akiwa na ndege ya kasi hupiga mara moja, hupanda, na kukataa kona. Ndiyo maana tarehe 4 Aprili 1965 wenzetu wa Vietnam, kwa MiG-17 isiyofikia kasi ya sauti, waliweza kuangusha ndege mbili za Marekani aina ya F-105 karibu na daraja la Thanh Hoa.

Mabeberu nao walijifunza kutokana na kipigo hicho, na funzo lao lafaa kutazamwa, si kwa kuwasifu, kwani vita yenyewe walishindwa. Ndege yao ya F-4 mwanzoni haikuwa na mzinga. Ilitegemea makombora tu. Jeshi lao la Anga likabadilisha ndege, likatia mzinga ndani yake. Jeshi la Wanamaji likabadilisha mafunzo: mwaka 1969 lilifungua shule Miramar, California, ambako marubani walipambana na walimu walioruka kwa namna ya adui. Hapo mwanzo wanamaji walikuwa wakiangusha ndege mbili au tatu kwa kila moja waliyopoteza. Katika mapambano ya 1972 hesabu yao inatajwa kuwa karibu 12 kwa 1. Jeshi la Anga lilibaki karibu 2 kwa 1. Ni shida kupata mfano ulio wazi zaidi ya huo.

Hata hivyo kuna watu ambao wakisikia habari hizi huhitimisha kwamba moyo watosha. Hilo ni kosa. Hapa Makutupora kuna visima vinavyopeleka maji Dodoma mjini. Mwendesha pampu mzoefu husikia kwa masikio kwamba chombo kinaanza kuchoka kabla hakijasimama. Lakini pampu ikikosa umeme au kipuri, masikio yake hayatoi maji. Juni 1942, kule Midway, marubani wa Marekani walipanda ndege za Brewster Buffalo dhidi ya Zero za Wajapani, na wengi hawakurudi. Ndege za aina hiyo hiyo, katika mikono ya marubani wa Finland, ziliangusha zaidi ya ndege 400. Mtu mwepesi atasema: rubani tu! Lakini za Finland zilikuwa nyepesi zaidi, na zilikutana na ndege tofauti kabisa na Zero. Hao Wajapani nao, waliokuwa na marubani bora mwaka 1941, waliwamaliza vitani bila kufundisha wengine wa kutosha. Tarehe 19 Juni 1944, karibu na visiwa vya Mariana, walipoteza ndege zaidi ya 300 kwa siku moja, kwa kuwa vijana wao walikuwa wachanga na ndege za wapinzani zilikuwa zimekwisha kuwa bora.

Kwa hiyo uzoefu haupo mtini ukingojea kuchumwa. Ni mafuta yaliyochomwa katika saa za mazoezi, vipuri vilivyofika kwa wakati, fundi aliyekesha, na mwalimu aliyeachwa hai afundishe. Legesse Teferra, rubani hodari wa Ethiopia, alitekwa mwaka ule ule wa 1977 na hakurudi kwao hadi 1988. Nchi isiyo na shule ingemaliza ushindi wake siku aliyotekwa.

Hapa ndipo siasa inapoingia. Amin alianza utawala wake wa 1971 kwa kuwaua askari na maofisa wa Kiacholi na Kilango, na baada ya hapo hofu haikuondoka jeshini mwake. Waisraeli walipoziharibu MiG zake pale Entebbe, Julai 1976, aliweza kupata ndege nyingine. Ofisa aliyeuawa hakuwa na kiwanda cha kumtengeneza tena. Tarehe 7 Aprili 1979 askari wetu wa miguu waliingia Entebbe, wakazikuta ndege zimesimama uwanjani.