Aristotle Ukutani: Kweli au Si Kweli?

"Picha ya mwanafalsafa wa kale ni ya makumbusho, si ya sebuleni."

Si kweli. Aristotle wa mchoraji Rembrandt, aliyechorwa Amsterdam mwaka 1653 akiwa ameweka mkono juu ya sanamu ya mshairi Homer, aliagizwa na Antonio Ruffo, bwana mkubwa wa Messina, kisiwani Sicily, kwa ajili ya nyumba yake. Bei ilikuwa gulden 500. Makumbusho ya Metropolitan, New York, yaliinunua picha hiyo mwaka 1961 tu, kwa dola milioni 2.3.

"Aristotle alikuwa na sura ile."

Si kweli. Joho lenye mikono mipana myeupe, kofia nyeusi, mkufu mzito wa dhahabu: hayo si mavazi ya Athens ya kale. Hata orodha ya mali ya Ruffo ya mwaka 1654 ilisita, ikaandika kwamba aliyechorwa yaelekea ni Aristotle au Albertus Magnus, mwanazuoni wa karne ya 13!

"Picha za aina hii zina giza kwa sababu zimechakaa."

Kweli, lakini kidogo tu. Vanishi ikizeeka hugeuka manjano. Ila giza lenyewe wachoraji wa enzi ya Baroko walilikusudia, na mimi naliona kuwa ndiyo roho ya picha. Mwanga unaingia kutoka upande mmoja, unaigusa mikono ya joho, unateleza hadi kichwani kwa Homer, huku macho ya Aristotle yakibaki nusu kivulini. Ndiyo maana tunamwona akiwaza. Mchapaji wa nakala yako akiing'arisha picha kwa kompyuta ili "ionekane vizuri", anakuwa ameifuta fikra ile. Mkatalie.

"Kioo king'avu huipendezesha nakala."

Hapana. Penye giza kioo hugeuka cha kujitazamia: utaona dirisha lako na televisheni, Aristotle humwoni. Ichapishwe kwenye kanvasi au karatasi isiyong'aa, itundikwe ukuta usiopigwa na jua.

"Nakala nzuri lazima iwe ghali."

Si kweli. Tangu mwaka 2017 Metropolitan inaruhusu picha hii ipakuliwe bure mtandaoni. Gharama yako ni uchapaji na fremu. Angalia vipimo tu: ya asili inakaribia mraba, sentimita 143.5 kwa 136.5. Ikivutwa ijaze fremu ndefu, Homer ataharibika uso.